Gari Limelala, Pampu Inasingiziwa

MWANAIDI: Haya, karibuni tena. Leo injini tunaiacha ipumzike, tunashuka chini kwenye sespensheni ya upepo, ile ambayo gari linabebwa na mipira iliyojazwa hewa badala ya springi. Fundi Kassim, shikamoo.

KASSIM: Marahaba dada. Na usiwafiche wasikilizaji, mgonjwa wa leo ni wako.

MWANAIDI: Ni wangu, sikatai. Land Rover Discovery 3 ya dizeli. Natoka asubuhi kwenda kazini, nalikuta limekaa chini kama kuku anayeatamia. Nikaliwasha, likanyanyuka kwa kujivuta, dashibodi ikaniandikia hitilafu ya sespensheni na nisizidi kilomita 50 kwa saa. Fikiria Daraja la Kigamboni kwa mwendo huo, na daladala nyuma yako.

KASSIM: Ukakimbilia dukani.

MWANAIDI: Nikakimbilia dukani. Walipima kwa mashine, ikatoka namba ya hitilafu C1A20, wakasema pampu imekwisha. Nikanunua pampu. Wiki ya tatu, na hiyo mpya ikafa.

KASSIM: Sasa hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. C1A20 haisemi pampu mbovu. Inasema presha inapanda polepole mno wakati wa kujaza tangi la upepo. Inaweza kuwa pampu imechoka, ndiyo. Lakini hata ndoo iliyotoboka haijai haraka, na huwezi kumlaumu anayechota maji. Pampu mara nyingi ni mfiwa, sisi tunamfanya mchawi.

MWANAIDI: Waeleze watu upepo unavyosafiri.

KASSIM: Kwa hili gari, pampu iko chini ya ubavu wa kushoto, karibu na tairi la nyuma. Inavuta hewa, inaipitisha kwenye kikausho, halafu hewa inakwenda kwenye vali. Vali ndizo zinazoamua ipelekwe tangini au kwenye mpira wa kona gani. Kila kona ina sensa yake ya kimo, ina kijimkono kinachopanda na kushuka na tairi. Ukiliweka kimo cha porini linapanda kama milimita 55, ukitaka bibi apande kwa raha linashuka 50. Ni hivyo tu, hakuna uganga.

MWANAIDI: Wewe hukugusa pampu siku ya kwanza. Uliniomba futi kamba. Nikajiuliza huyu fundi wa magari au fundi cherehani.

KASSIM: (anacheka) Futi kamba ndiyo mashine yangu ya kwanza. Jioni unaegesha sehemu tambarare, unapima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kona zote nne, unaandika. Asubuhi unarudia kabla hujafungua hata mlango. Lakini kwa Discovery kuna mtego. Unaujua?

MWANAIDI: Kompyuta haijalala.

KASSIM: Haijalala! Gari limezimwa, wewe umelala, yenyewe inaamka kila baada ya saa kadhaa na kuangalia kama gari liko sawa. Ikikuta kona moja imeshuka, inazishusha na nyingine zifanane nayo. Kona moja inavuja, asubuhi gari zima liko chini. Mwenye gari anaona kila kitu kimekufa, na muuzaji anaona mteja. Kwa hiyo usiku ule nilichomoa fyuzi ya kompyuta ya sespensheni. Asubuhi kona tatu zilibaki pale pale.

MWANAIDI: Mbele kulia ilikuwa imeshuka vidole vinne. Nilipima mwenyewe.

KASSIM: Sasa ningekuta mbele kote kumelala sawasawa, kulia na kushoto, ningeanza kushuku vali za mbele. Lakini kona moja peke yake, nakwenda kwenye mpira na paipu yake. Tukachukua chupa ya kupulizia, maji na sabuni ya vyombo.

MWANAIDI: Kwanza hatukuona kitu.

KASSIM: Kwa sababu gari lilikuwa chini. Mpira una mkunjo, na gari likiwa chini ufa unajificha ndani ya mkunjo. Lipandishe juu, pulizia tena. Wako mpira ulikuwa mzima, povu likatokea juu, pale paipu inapoingia. Povu dogo, la kitoto kabisa.

MWANAIDI: Kama la soda inayokaribia kuisha gesi. Na hicho ndicho kilichonilia pampu mbili!

KASSIM: Pampu haikutengenezwa ifanye kazi saa zote. Na kwako alikuwepo mwizi wa pili, rilei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima pampu. Ilikuwa imeganda kwenye kuwaka. Umezima gari, umeingia ndani kula, pampu inazunguka. Niliishika ilikuwa ya moto kama pasi. Rilei ni kitu cha bei ndogo, ukibadilisha pampu ukaiacha ya zamani, unamlisha simba yule yule pampu mpya.

MWANAIDI: Na ule unga?

KASSIM: Ah, unga. Ndani ya kikausho kuna punje kama zile unazozikuta kwenye kipakiti ndani ya boksi la viatu vipya. Kazi yake kunyonya unyevu. Zikizeeka zinasagika. Nilipofungua kikausho cha pampu yako ya zamani ulimwagika unga mweupe kama wa muhogo. Ule ukifika kwenye vali, vali hazifungi vizuri. Na unga huo ukiziba sailensa ya pampu ya kutolea hewa, gari linagoma kushuka.

MWANAIDI: Paipu je? Nilitegemea bili.

KASSIM: Nilikata ncha iliyochubuka, sentimita moja, kwa wembe mkali na iwe imenyooka, nikaweka kiungio kipya. Lakini wasikilizaji, msifungue kiungio chenye upepo ndani. Toeni upepo kwanza kwa mashine. Na msiingie chini ya gari linaloshikiliwa na upepo peke yake. Weka stendi. Hili gari likiamua kushuka halipigi honi.

MWANAIDI: Kuna msikilizaji ana Prado ya toleo la 120 yenye mipira ya upepo nyuma. Anasema fundi wake anamshauri aing'oe aweke springi za kawaida.

KASSIM: Kwa Prado simlaumu. Ni nyuma tu, na mtu anayebeba mzigo kila siku springi zitamfaa. Kwa Discovery nakataa. Utapoteza vimo vyote, na kompyuta itakupigia kelele mpaka uidanganye. Ila hata huyo wa Prado, kabla hajang'oa, achungulie kile kijimkono cha sensa. Kinapata kutu, kinakatika, gari linainama upande mmoja, watu wanang'oa mipira mizima.

MWANAIDI: Nimwambie aanzie wapi?

KASSIM: Aegeshe leo jioni, apime. Kesho alfajiri apime tena, anitumie namba nne za jioni na nne za asubuhi. Asininunulie kitu.

MWANAIDI: Na futi kamba?

KASSIM: Aazime kwa fundi cherehani. Yangu umeondoka nayo wewe.