Profesa wa Sheria Anaandika Nini?

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie maandishi ya maprofesa wa sheria, na najua wengi mlitegemea vitabu vya kiada: mikataba, madhara, ushahidi. Hivyo mnavijua, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Mimi namfuata mtu mmoja tu, Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1970, akiwa bado kijana, alichapisha andiko refu kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Lilitoka kwenye Cheche, jarida la wanafunzi pale Mlimani. Lilikuwa andiko la uchumi na siasa hasa. Kabla mwaka haujaisha, Cheche ikapigwa marufuku.

Kitabu chake cha 1986 kinahusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi. Hapa naomba tukae kidogo. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kibarua wa Tanganyika aliyetoroka kazi hakudaiwa fidia. Alishtakiwa kwa jinai. Kwenye mashamba ya mkonge alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ujira ulilipwa kadi ikijaa. Kisome kifungu peke yake, utaona masharti ya mkataba na adhabu. Kisome ukiwa na ile kadi mkononi, ndipo utaelewa kwa nini mwenye shamba alihitaji hakimu na polisi. Kazi ya namna hii haifanyiki kwa kusoma hukumu tu. Inabidi uwe nusu mwanahistoria.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi akampa uenyekiti wa tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka mikoani kusikiliza wananchi, kisha ikapendekeza ardhi iondolewe mikononi mwa Rais: ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji, iliyobaki iwe chini ya bodi ya makamishna. Serikali ikalikataa hilo. Sheria za Ardhi za 1999, namba 4 na namba 5, zikambakiza Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Kwangu mimi, ripoti ile iliyokataliwa ina usomi kuliko makala nyingi za majarida, yangu yakiwemo.

Wasifu wa Nyerere wa 2020, juzuu tatu, aliuandika pamoja na Saida Yahya-Othman, mwanaisimu, na Ng'wanza Kamata wa sayansi ya siasa. Huo unahitaji mhadhara wake.

Ninachotaka kukibishania leo ni kingine. Shivji alikuwa miongoni mwa waasisi wa HAKIARDHI mwaka 1994, taasisi inayopeleka elimu ya sheria za ardhi vijijini kwa Kiswahili. Mhadhiri akiandika kijitabu cha namna hiyo, mwanakijiji akakitumia kwenye baraza la ardhi, kamati ya kupandisha vyeo itampa pointi ngapi? Wajumbe wa kamati nawaona mmekaa mbele hapo. Kipaza sauti ni chenu.