Umeanguka na baiskeli ya resi? Usiguse gia nyepesi kwanza

Wadau, habari zenu. Mvua inapiga bati hapa Arusha, kwa hiyo naongea kwa kupayuka, mnivumilie. Mezani nina baiskeli ya resi ya mteja wangu, kaanguka jana maeneo ya Usa River. Malori yamemwaga tope barabarani, tairi la mbele likateleza, jamaa akalalia ubavu wa kulia. Kulia ndiko kwenye gia. Angeangukia kushoto, video hii ingekuwa ya dakika mbili na mngenisamehe bando zenu.

Baiskeli ipo hapa, mwenyewe yupo nyumbani amepumzika. Huo ndio utaratibu: mtu kwanza, chuma baadaye.

Mwenzako akianguka, usimvute mkono asimame. Mtoeni kwenye njia ya magari kama kuna hatari, kisha muulize: tumetoka wapi, tunaelekea wapi, leo siku gani? Akirudia swali lile lile, akitapika, kichwa kikizidi kumuuma au akitaka kulala, safari imeishia hapo. Usimpakie bodaboda, tafuta gari, nendeni hospitali. Bega likishuka na mkono haunyanyuki, hapo fikiria mtulinga. Ni mfupa unaovunjika sana kwetu sisi, maana ukianguka unatanguliza mkono. Mfungie mkono kifuani kwa kitambaa au shati, nendeni.

Helmeti ikigonga chini, itupe. Lile povu gumu la ndani limetengenezwa kubonyea mara moja tu, na ufa mwingine huuoni kwa macho. Na usimrithishe mdogo wako, tafadhali.

Michubuko sasa. Hapa watu wanaleta ushujaa: mara spiriti, mara dawa ya meno, kuna mmoja alipaka grisi. Hapana! Maji safi yanayotiririka, sabuni, na muda. Lami inaacha punje ndogo za mchanga ndani ya nyama. Usipozitoa, ngozi inafunga juu yake na unabaki na madoa ya bluu maisha yako yote. Lowesha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, futa taratibu mpaka punje zitoke. Inauma. Imba. Kisha weka gozi isiyonata, na ukiikosa, paka mafuta ya mgando safi juu ya kidonda halafu ndipo uweke gozi ya kawaida. Usikianike juani kikauke, kidonda kilichofunikwa kinapona vizuri zaidi. Hukumbuki mara ya mwisho kuchoma sindano ya pepopunda? Kachome. Na usiku tandika kanga kuukuu, maana shuka jeupe na mchubuko wa nyonga asubuhi wanaachana kwa ugomvi.

Haya, baiskeli.

Usukani: simama mbele, bana tairi kwa magoti, unyooshe. Mikono ya breki ikiwa imeingia ndani, isukume kwa kiganja irudi. Zungusha matairi, bana breki, sawa. Usukani wa alumini uliopinda haunyooshwi, unabadilishwa. Ukiunyoosha utakuja kukatika siku unashuka mlima. Fremu ya kaboni, pitisha kitambaa cha pamba, kikinasa nyuzi hapo pana ufa. Kisha gonga na sarafu, sikiliza... dogo, sogeza simu. Hapa mlio mkali. Na hapa mkali. Pakilia butu, usiipande, mpelekee mtu anayejua kaboni. Mlio mzuri peke yake haukupi uhakika, lakini mlio mbaya unatosha kukusimamisha.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mtulie. Kata sauti ya redio hapo nyumbani.

Hii hapa inaitwa hanga. Ni kipande cha alumini kinachoshikilia direla, yaani huu mkono wa nyuma unaohamisha cheni. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi, ili ukianguka kipinde chenyewe na fremu ipone. Kikipinda kwenda ndani, direla inasogea karibu na spoku. Ukiwa gia ya katikati huoni kitu, baiskeli inakwenda, unasema Mungu mkubwa, sijaharibu. Unafika mlimani, unaweka gia nyepesi kabisa, cheni inapanda kwenye sproketi kubwa, yaani lile duara la meno lililo kubwa kuliko yote huku nyuma, direla inaingia kwenye spoku. Tairi linajifunga hapo hapo.

Kwa hiyo umeanguka: USIWEKE GIA NYEPESI. Nyanyua tairi la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, tazama kwanza. Lazima urudi nyumbani? Kaa kwenye gia za katikati, mlimani shuka utembee. Mnaiona ile ringi ukutani yenye spoku zilizong'oka? Msiniulize ni ya nani. Usiweke gia nyepesi.

Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa macho yawe usawa wa direla. Hivi vigurudumu viwili vidogo vinatakiwa vining'inie wima chini ya sproketi, vyote kwenye mstari mmoja. Tazama hiki cha chini kilivyo... hamuoni. Nyeusi juu ya nyeusi. Dogo, leta karatasi nyeupe uweke nyuma yake. Siyo hiyo, hiyo ni risiti ya mteja. Haya. Mmeona? Cha chini kimekimbilia kwenye spoku.

Mafundi wenye pesa wana kifaa maalumu cha kupimia. Sisi tunatumia tairi la nyuma la akiba, lile la habu, yaani kitovu cha tairi, ya kizamani ambayo ekseli yake imetoboka katikati na inafungwa kwa mshikio wa mkono. Thredi ya ekseli hiyo, yaani ile mistari ya skrubu, ni sawasawa na thredi ya hanga: unene milimita 10, na milimita 1 kutoka mstari hadi mstari. Ya tairi la mbele ni nyembamba zaidi, haifanyi kazi hii, usihangaike nayo. Chomoa ule waya mnene unaopita ndani ya ekseli pamoja na mshikio wake, weka pembeni.

Hakikisha tairi la baiskeli yenyewe limekaa sawa na halichezi, la sivyo unapimia kitu kilichopinda. Alenki namba 5, fungua direla, iache ining'inie kwenye waya wake. Pangusa thredi ya hanga, tone moja la oili.

Taratibu hapa. Ncha ya ekseli inachomoza milimita 5 hivi tu, hiyo ndiyo thredi yote uliyonayo. Iweke kwenye tundu, izungushe kinyumenyume kwanza. Unasikia ka-mlio... tk. Mvua, jamani! Ngoja ipungue.

Haya, tena. Kinyumenyume, tk. Hapo thredi zimekutana, sasa zungusha mbele. Ukizungusha tairi haisaidii, tairi linazunguka juu ya ekseli. Zungusha kwa spana, kwenye nati ya upande wako. Ikiwa ngumu toka mwanzo, rudi nyuma uanze upya. Usilazimishe, thredi ya alumini ikifa imekufa. Ingiza mpaka nati ya ndani iguse hanga kabisa. Ikibaki nafasi hata ya ukucha halafu ukavuta, unang'oa thredi. Nimesema mpaka iguse. Dogo, onyesha karibu: imegusa.

Sasa una matairi mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, na rula inakupa jibu. Pima kutoka ringi hadi ringi. Juu: milimita 121. Chini: 109. Mbele na nyuma ziko karibu sawa. Tofauti ya juu na chini ni 12, wakati mimi ikizidi 4 nanyoosha. Shika tairi la akiba kwa mikono miwili, chini uvute kwako, juu usukume kidogo. Polepole, bila kushtua. Pima. Milimita 118 na 113. Vuta tena kidogo... 116 na 115. Acha hapo! Usitafute sifuri. Alumini haipendi kupelekwa huku na huku, kila ukirudisha inachoka, na ikionyesha ufa mweupe au ikiwa ilishanyooshwa zamani, weka mpya. Hanga iliyo sehemu ya fremu ya chuma inavumilia zaidi.

Fungua tairi la akiba, rudisha direla, kaza. Wenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza, nyutoni-mita 8 hadi 10. Kisha ukiwa bado kwenye stendi, zungusha pedali kwa mkono na upandishe gia moja moja, jicho kwenye spoku. Kabla ya ile ya mwisho simama, weka kidole kati ya direla na spoku, tairi likiwa limesimama, nakuomba. Ikigusa, kaza skrubu yenye herufi L nusu mzunguko. Sasa nenda gia nyepesi. Sikiliza. Safi.

Mteja aliniambia alikuwa anafuta tope usoni kwa mkono mmoja. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, mshindi wa Tour de France mara 4, Juni 2019 alikuwa anakagua njia ya mashindano ya Dauphiné huko Ufaransa. Akaachia mkono apenge kamasi, upepo ukampiga gurudumu la mbele, akaenda ukutani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu, akarudi mashindanoni Februari 2020. Tambarare za kuelekea Makuyuni zina upepo wa ubavu wa kutosha. Punguza mwendo kwanza, ndipo ujifute.

Hanga ninazo, ila kila fremu na yake. Nitumie picha ya ile ya zamani pande zote mbili, pembeni weka rula, maana "ya resi nyeusi" hainisaidii. Wa Moshi na Karatu natuma kwa basi, hela ya mzigo juu yako.