Nishani ya Dalai Lama, na chokaa

Haya jamani, habari zenu huko nyumbani, mnisamehe sauti iko chini, nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, niko kwenye gari nje ya kazini hapa Minneapolis, ila hii nisipoisema leo silali.

Kuna mama nafanya naye kazi hapa nyumba ya wazee, Mtibeti, asili yake Tibet iliyo chini ya China. Jana muda wa mapumziko katoa kitu kwenye pochi, kakiviringisha kitambaa cheupe, kufungua nishani ya shaba ina sura ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti. Nikamuuliza mama umeitoa wapi hii? Akasema ni kopi, yenyewe ya dhahabu alipewa na Bunge la Marekani, hizi za shaba waliuziwa wananchi.

Sasa ngoja niwaeleze maana sisi tumezoea nishani anatoa Rais. Hii anayepewa anatungiwa sheria kabisa, muswada unapita Baraza la Wawakilishi, unapita Seneti, ndo Rais anasaini. Tena kwa taratibu zao theluthi mbili wanatakiwa wawe wameuunga mkono mapema, wawakilishi 290 na maseneta 67. Mandela alipewa 1998. Wa Dalai Lama uliongozwa Seneti na Dianne Feinstein wa Democratic akiwa na Craig Thomas wa Republican, vyama ambavyo kukubaliana kwao ni shida, na Rais George W. Bush akausaini Septemba 2006.

Sherehe ikawa tarehe 17 Oktoba 2007 pale Capitol, jengo la Bunge lao. Marais waliopita walikuwa wanaonana naye faraghani kwa sababu China inakasirika, na safari hii pia ilikasirika kwelikweli, lakini Bush akasimama naye mbele ya watu, rais wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo. Na huyu ni mtu aliyetoroka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, usiku Machi 1959 kavaa kama askari asijulikane, mpaka leo anaishi India, hana jeshi hana nchi. Afrika Kusini 2011 Desmond Tutu kamwalika kwenye birthday yake ya miaka 80, viza haikutoka mpaka akaghairi safari, hilo mimi kama Mwafrika linaniuma mpaka kesho.

Basi mama akaendelea kunihadithia, siku zile za sherehe watawa wa Drepung, monasteri kubwa karibu na Lhasa, wakaanza kupaka chokaa makazi ya zamani ya Dalai Lama pale kwao, furaha tu, polisi wakaja wakawazuia na wengine wakakamatwa. Kufika hapo kwenye chokaa mama akashindwa kuongea, machozi.

Yeye kazaliwa makazi ya wakimbizi kusini mwa India, Tibet hajaikanyaga hata siku moja, huku kaja kwa sheria nyingine ya 1990 iliyotoa viza 1,000 kwa Watibeti waliokuwa India na Nepal. Nikamwambia mama, kwetu Tanga Idi ikikaribia na sisi tunapaka chokaa, bibi yangu alikuwa anatuamsha alfajiri na ndoo, ukuta ukikauka mtaa mzima unang'aa. Akanisikiliza weee, akaikunja nishani yake kwenye kile kitambaa, akaniuliza una picha?

Sina jamani. Mlioko Tanga mkipaka mwaka huu nipigieni picha, nitumieni inbox, nimpelekee.