Tarehe Kwanza, Hadithi Baadaye: Filamu za Mwendelezo Zinaharibikia Wapi

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na asanteni kwa kufika.

Chukueni orodha ya filamu kumi zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani mwaka 2024. Tisa ni za mwendelezo, au zinasimulia yaliyotangulia filamu tunayoijua. Ya kumi, Wicked, imetoka kwenye mchezo wa muziki wa jukwaani, na mchezo huo ulitoka kwenye riwaya. Hadithi mpya kabisa, isiyotegemea filamu, mchezo au kitabu kilichotangulia, haimo hata moja.

Watazamaji wamechoka, na tuko pamoja nao. Ila lawama inayosikika kila siku, kwamba ubunifu umeisha, hatuikubali. Waandishi wapo na skripti mpya zimejaa kwenye makabati ya studio. Tunachotaka kuonyesha leo ni kwamba ugonjwa uko kwenye mpangilio wa kazi. Tarehe ya filamu kutoka inawekwa kabla hadithi haijapatikana, na filamu za mwendelezo na za kurudiwa, yaani za zamani zinazotengenezwa upya, ndizo zinazowezesha mpangilio huo.

Tuanze na hesabu. Tuseme filamu imegharimu dola milioni 150 kuitengeneza. Kuitangaza dunia nzima kunaweza kula milioni 100 nyingine. Kumbi za Marekani hubaki na karibu nusu ya bei ya tiketi. China, studio ya kigeni huondoka na takriban robo tu. Ndiyo maana watu wa fani huzidisha gharama za utengenezaji kwa mbili na nusu ili kukisia pa kurudishia pesa: hapa ni kama milioni 375. Zamani filamu iliyojikwaa kumbini iliokolewa na DVD. Soko hilo lilifika kilele katikati ya miaka ya 2000, kisha likaporomoka, na malipo ya utazamaji wa intaneti hayajaziba pengo lake. Waliokufa kwanza ni filamu za bajeti ya kati, za dola milioni 20 hadi 60: vichekesho vya mapenzi, kesi za mahakamani, hadithi za watu wazima.

Sasa, wiki tatu au nne kabla ya filamu kutoka, kampuni za utafiti huwauliza watazamaji maswali ambayo kiini chake ni haya matatu. Umeisikia filamu hii? Unataka kuiona? Kati ya zote zinazotoka wiki hiyo, ungeanza na ipi? Filamu ya mwendelezo inaingia swali la kwanza ikiwa imeshajibiwa. Filamu mpya lazima ilinunue jibu hilo kwa matangazo, siku baada ya siku. Kwa hiyo studio inapolipia jina la zamani, inanunua nafuu ya matangazo.

Lakini jina linauza Ijumaa ya kwanza tu. Tazameni wiki ya pili. Filamu kubwa kupoteza nusu ya mauzo yake wiki hiyo ni jambo la kawaida. Ikipoteza zaidi ya asilimia 60, basi waliotoka ukumbini wamewaambia wenzao wasiende. Hapo jina halisaidii tena. Inayosema ni hadithi.

Kuna saa nyingine inayogonga ambayo mtazamaji haioni, nayo ni ya mikataba ya haki. Mkataba wa Sony na Marvel kuhusu Spider-Man, ambao ulivuja mwaka 2014, uliitaka Sony ianze kutengeneza filamu nyingine ndani ya miaka 3 na miezi 9, na kuitoa ndani ya miaka 5 na miezi 9 tangu iliyotangulia. Ikichelewa, haki zinarudi kwa Marvel. Mfano mkali zaidi ni Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne wa vitabu vya katuni. Kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na haki zake ilianza kupiga picha mwishoni mwa Desemba 1992, siku chache kabla muda haujaisha, kwa bajeti ya kama dola milioni moja. Filamu ikakamilika, trela ikatengenezwa, waigizaji wakazunguka kuitangaza. Haikutoka kumbini hata siku moja. Fikirieni nguvu ya wale vijana waliofanya kazi usiku na mchana.

Sasa tuingie karakana, maana hapa ndipo pa kutazama kwa makini.

Utaratibu wa kawaida ni huu: skripti inaandikwa hadi ikomae, mwongozaji anaipangia bajeti pamoja na mtayarishaji, maeneo yanatafutwa, waigizaji wanachaguliwa, ndipo tarehe inapangwa. Kwenye filamu za mwendelezo za bajeti kubwa safari huanzia mwisho. Studio inashika wikiendi miaka miwili, mitatu mbele, mara nyingine kwa tangazo linalosema tu kwamba filamu isiyo na jina itatoka siku fulani, ili mshindani asiichukue na ili ipate skrini kubwa mno za IMAX, ambazo ni chache. Watengenezaji wa vinyago wanataka michoro ya mavazi mwaka mmoja au zaidi kabla, basi vazi la shujaa linaamuliwa wakati hakuna anayejua atalivaa kufanya nini. Mapigano makubwa yanachorwa kwenye kompyuta mapema, kwa kuwa picha zake zinaweza kupita elfu mbili na zinachukua miezi mingi. Mwandishi anaitwa kuunganisha: toa watu kwenye pambano hili uwafikishe kwenye lile. Tunashangaa kwa nini wahusika wanaongea kama vibao vya barabarani, kumbe hiyo ndiyo kazi waliyopewa.

Kisha filamu inaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio. Wanaulizwa kama ni nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya, na kama wangemshauri rafiki aione. Alama za mwisho wa hadithi zikiwa chini, mwisho unabadilishwa. Tarehe haisogei. Kwa hiyo wiki za kurudia kupiga picha zinabanwa, steringi anavaa nywele za bandia kwa sababu ameshanyoa kwa kazi nyingine, na mafundi wa picha za kompyuta wanapokea pambano jipya wakiwa na muda wa nusu. Ile picha ya mwisho inayoonekana kama plastiki iliyoyeyushwa haitokani na ufundi duni. Wametengeneza pambano mara mbili ndani ya muda wa moja.

Alien 3 ya mwaka 1992 ni somo la kutosha. Trela yake ya kwanza iliahidi kwamba kiumbe angefika duniani. Hadithi ikabadilika, waandishi wakapokezana, majukwaa yakajengwa kwa ajili ya toleo lililotupwa, na upigaji picha ukaanza bila skripti iliyokamilika, chini ya David Fincher, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Quantum of Solace ya 2008, ya mfululizo wa James Bond, nayo ilikutana na mgomo wa waandishi ulioanza Novemba 2007. Daniel Craig, aliyeigiza Bond, amesema wazi kwamba yeye na mwongozaji walilazimika kuandika upya baadhi ya matukio wenyewe. Filamu isiyofungwa na tarehe ingesubiri.

Kurudia filamu si dhambi. The Maltese Falcon ya 1941 ilikuwa jaribio la tatu la riwaya ileile ndani ya miaka kumi, baada ya lile la 1931 na la 1936, na ndiyo tunayoikumbuka. The Fly ya 1958 ilimfanya mwanasayansi abadilishane kichwa na nzi papo hapo. Ya 1986 ikabakiza mashine ikabadilisha mwendo: mwili unaoza kidogo kidogo, kucha leo, meno kesho, na mpenzi wake anatazama kama mtu anayemuuguza mgonjwa asiyepona. Wazo ni lilelile, swali ni jipya kabisa. Linganisheni na Psycho ya 1998, iliyofuata ile ya 1960 karibu picha kwa picha: ilitumia takriban dola milioni 60 na kuingiza chini ya 40. Kunakili pembe za kamera hakuleti hofu, kwa sababu hofu ilitoka kwenye kutojua.

The Lion King ya 2019, iliyorudia katuni ya 1994, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na hatuwezi kudai ilishindwa sokoni. Kisanaa ilijifunga yenyewe. Simba wa kuchorwa ana nyusi, ana weupe wa macho, mdomo wake unapinda kwa huzuni. Simba anayefanana na simba halisi hana vitu hivyo, kwa hiyo mtoto anamlilia baba yake kwa uso usiosema chochote. Kosa hilo liliingia siku walipochagua mtindo, kabla ya picha ya kwanza kutengenezwa.

Jozi inayotuuma zaidi ni ya studio ya Universal. Mwaka 2017 ilitoa The Mummy kwa zaidi ya dola milioni 120, na kabla haijatoka ikatangaza mfululizo mzima, jina, picha ya pamoja ya waigizaji, hata tarehe ya Februari 2019 kwa filamu ya Bride of Frankenstein ambayo haikupigwa kamwe. Mfululizo ukafa na filamu moja. Mwaka 2020 studio hiyohiyo, kutoka sanduku lilelile la mazimwi ya kale, ikatoa The Invisible Man kwa dola milioni 7. Mwongozaji Leigh Whannell aliihamisha kamera kutoka kwa mwanamume asiyeonekana kwenda kwa mwanamke anayemkimbia na asiyeaminiwa na mtu. Ikaingiza zaidi ya milioni 140. Kwa bajeti hiyo hakuna aliyemlazimisha aipendeze kila rika, wala aache mlango wazi kwa filamu nyingine tano.

Kwa anayeandika mwendelezo, kipimo chetu ni kimoja. Filamu nzuri ya kwanza humaliza tatizo la mhusika. Ya pili ina njia mbili: kumsahaulisha alichojifunza ili ajifunze tena, au kumpa tatizo lililozaliwa na ushindi wake. Terminator 2 ya 1991 ilichukua ya pili: mwanamke aliyekimbia kuokoa maisha yake mwaka 1984 sasa ni mpiganaji, na kujua kwake yajayo kumemgharimu mtoto wake na uhuru wake. Ukiona skripti inamrudisha shujaa kwenye ulevi, talaka au ukaidi aliokwisha kuushinda, iwekeni kando bila kusoma ukurasa wa 30.

La mwisho ni haki, kwa sababu mwenye hadithi ndiye mwenye sauti kuhusu tarehe. Makubaliano ya chama cha waandishi wa Marekani yanampa aliyetajwa rasmi kwenye filamu kuwa mbunifu wa hadithi angalau asilimia 25 ya malipo yake ya awali filamu ya mwendelezo ikitengenezwa. Mawakili wazuri huomba nusu kwa mwendelezo na theluthi kwa filamu ya kurudiwa. Mwandishi na mwongozaji Ryan Coogler alienda mbali zaidi kwenye Sinners ya 2025: baada ya miaka 25 haki zinarudi kwake. Na sheria ya Marekani inamruhusu mwandishi aliyehamisha haki zake, kama hakuwa ameajiriwa kuiandika kazi hiyo, kuzidai baada ya miaka 35. Victor Miller alishinda hivyo mwaka 2021 kuhusu skripti aliyoiandika ya filamu ya kutisha Friday the 13th, baada ya mahakama kuamua kwamba hakuwa mwajiriwa. Notisi hutolewa si chini ya miaka 2 na si zaidi ya miaka 10 kabla ya siku ya kurudishiwa, na siku hiyo lazima iangukie ndani ya dirisha la miaka 5 linalofunguka miaka hiyo 35 ikitimia. Likifungwa, haki inabaki studio. Andikeni tarehe hizo siku mnayosaini.