Kada wa jikoni aliyegeuka mwandishi: Matthew Parris

Asanteni jamani, kaeni kaeni, naona mvua imewachelewesha wengine ila sisi tuanze tu.

Leo naongelea mzee mmoja wa Kiingereza, Matthew Parris, anaandika makala za siasa kwenye The Times la London miaka nenda rudi, na kabla ya hapo alikuwa kada wa chama cha Conservative, na sio kada wa kuvaa tisheti ya kampeni, huyu alikuwa kada wa jikoni kabisa. Kazaliwa Johannesburg 1949, sekondari kasoma Swaziland pale Waterford Kamhlaba, shule iliyofunguliwa 1963 ichanganye watoto wa rangi zote wakati jirani zao Afrika Kusini wanasema mwiko.

Kasoma Cambridge, kafanya kazi wizara ya mambo ya nje kidogo, akahamia chamani, akapewa kujibu barua za wananchi kwa niaba ya Margaret Thatcher ambaye bado ni kiongozi wa upinzani. Hapo ndo pana utamu. Mama mmoja anakaa nyumba ya halmashauri, yaani anapanga kwa serikali ya mtaa, kaandika kulalamika, kijana wetu kamjibu ashukuru tu, nyumba yenyewe wengine wanaichangia kwa kodi zao! Barua ikavuja, uchaguzi wa 1979 umekaribia, wapinzani wa chama chake wakaishika kama wameokota dhahabu. Na bado mwaka huo huo akapata ubunge wa West Derbyshire. (Alishawahi pia kujitosa mto Thames kumuokoa mbwa, medali akapewa na Thatcher mwenyewe, na Waingereza na mbwa mnawajua.)

Halafu 1984, akiwa mbunge, watu wa televisheni wakamwambia haya, nyie mnaosema posho ya wasio na ajira inatosha, nenda Newcastle, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ukaishi nayo wiki nzima. Akaenda. Wiki haijaisha hela imekata, mita ya umeme inataka sarafu na mfukoni hamna kitu, tuseme Luku imeisha na kamera zinaangalia. Mimi naona huyo mwandishi tunayemsoma leo alizaliwa pale gizani, sio bungeni, maana mara mbili kawaambia maskini wavumilie na mara mbili kaumbuka mbele ya nchi nzima, na badala ya kuficha anayasimulia mwenyewe tena kwa kucheka, 2004 akarudi tena Newcastle kurekodi nyingine!

1986 akaacha ubunge akawe mtangazaji wa Weekend World, kipindi cha siasa cha televisheni, nacho kikafa 1988. Kiti alichoacha, chama chake kilikiokoa kwa kura 100 tu. Ndo akaanza kuandika vituko vya bunge, 1988 mpaka 2001, amekaa juu kwa waandishi anaangalia chini viti alivyokuwa anakalia na watu aliokuwa anakula nao, anajua nani anapiga makofi kwa roho na nani anatafuta uwaziri. Huku kwetu kada akitoka anaanza kutukana waliobaki. Yeye anawacheka ila na yeye mwenyewe yumo kwenye kichekesho, hata Brexit, ile ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilivyokuja akaipinga waziwazi wakati chama chake kinaibeba.

Msinielewe vibaya, sio malaika. 1998 alisema kwenye Newsnight, kipindi cha televisheni ya BBC, laivu, kwamba waziri Peter Mandelson ni shoga, mwenyewe Mandelson hajaliongelea hadharani, na Parris ni shoga pia, alijua uzito wake. Mimi hiyo sijamsamehe.

Haya, mkono naona pale nyuma, dada mwenye mtandio, uliza.