Udongo unaonasa sumukuvu: uwezo wake na mipaka yake

Ndugu wafugaji na watengenezaji wa vyakula vya mifugo, uangalieni huu udongo kwenye gilasi. Ni bentonaiti, udongo unaotiwa kwenye chakula cha mifugo ili unase sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu. Nautia maji: unavimba, na ukiufikicha vidoleni unateleza kama sabuni. Kuvimba huko ndiko kunakotufaa. Ndani mna tabaka zilizopangana kama kurasa, kila moja unene wake ni kama nanomita 1. Maji yakiingia, kurasa zinaachana. Aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu, ni molekuli bapa, kwa hiyo hujipenyeza humo, ikanaswa, ikatoka na kinyesi kabla haijafika kwenye damu na maziwa.

Kazi hiyo hufanyika tumboni, penye majimaji. Ukipeleka maabara chakula kikavu kilichokwisha kuchanganywa, sumu bado itaonekana, nawe utadhani umetapeliwa. Pima mahindi na mashudu kabla. Baadaye pima maziwa.

Zearalenoni, sumukuvu inayoharibu uzazi wa nguruwe, ni habari nyingine. Yenyewe hukimbia maji, na udongo wa kawaida hupenda maji. Kwa hiyo viwandani huondoa sodiamu iliyo kati ya tabaka na kuweka chumvi za amoniamu zenye mkia mrefu wa asili ya mafuta. Hapo zearalenoni hunaswa. Lakini baadhi ya chumvi hizo zikichuruzika ni sumu zenyewe, na vomitoksini, sumukuvu nyingine, bado huponyoka. Muuzaji akikwambia unga wake unamaliza sumukuvu zote, usimwamini. Kibali cha Umoja wa Ulaya cha 2013 kwa bentonaiti kati ya sumukuvu kinataja aflatoksini B1 tu, na udongo usizidi kilo 20 kwa tani ya chakula kamili.

Kwa tani 1 ya chakula anza na kilo 5 za udongo. Usizimwage zote kwa mkupuo: zichanganye kwanza na kilo 45 za pumba, ndipo uingize kwenye mashine. Ukichanganya kwa koleo sakafuni utabaki na michirizi. Ng'ombe mmoja atakula udongo, mwenzake sumu. Na kama mifugo inapewa antibiotiki za jamii ya makrolaidi kwa mdomo, acha udongo kwanza, maana hunasa na dawa.

Udongo wa kuokota tu mtoni, usiopimwa, usitumie kabisa. Mwaka 1997 huko Marekani, udongo uliochimbwa jimbo la Mississippi ulitiwa kwenye mashudu ya soya, kumbe una dioksini, kemikali zenye sumu kali; ikakutwa kwenye kuku na kambale. Kila shehena idai cheti cha vipimo: dioksini, risasi, aseniki, na smektaiti (madini yenyewe yanayovimba) isiyopungua asilimia 70.