Reli iliyojengwa ikakosa treni: kilomita 36 za baiskeli kule Andalusia

Haya jamani tuanze, walio nje wataingia taratibu, viti viko huku mbele msiogope. Nimeombwa niongelee safari ya baiskeli Hispania, na najua wengi mkisikia baiskeli na Hispania mnawaza wale jamaa wa nguo za kubana wanaopanda milima ulimi nje. Hao waacheni. Leo naongelea safari ya mtu wa kawaida, mwenye kitambi kama mimi, anayetaka kuona mashamba na kula vizuri jioni.

Iko hivi. Hispania ina njia kibao za reli zilizokufa, na mwaka 1993 wakaanza mpango unaitwa Vías Verdes, yaani njia za kijani. Wanachukua tuta la reli, vyuma vya reli na mataruma vilishang'olewa, wanatandaza changarawe au lami, wanaweka kingo kwenye madaraja, magari marufuku, basi, wewe pita na baiskeli au kwa miguu. Mtandao mzima sasa umevuka kilomita 3,000.

Sasa kwa nini reli na sio barabara yoyote tu? Kwa sababu treni haiwezi mlima, chuma juu ya chuma kinateleza, kwa hiyo injinia wa reli hana ujanja, akikuta kilima anakitoboa, akikuta bonde anarusha daraja, ndio maana kwenye njia hizi mwinuko mara nyingi hauzidi asilimia 3. Wewe unayekuja miaka mia baadaye na gia zako unakula jasho la watu wengine. Milima yote iko pale unaiona kulia na kushoto, ila haikuhusu.

Niliyoipenda mimi ni Vía Verde de la Sierra, inatoka Puerto Serrano, mkoa wa Cádiz, huko Andalusia kusini mwa Hispania, mpaka Olvera, kilomita 36. Ilikuwa kipande cha reli ya kutoka Jerez kwenda Almargen, wakaanza kuijenga miaka ya 1920 wakati wa Jenerali Primo de Rivera, dikteta wa Hispania enzi hizo, ikakwama, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja 1936, na mpaka leo hakuna treni iliyowahi kufanya kazi pale. Hebu fikiria, mahandaki 30 yamechimbwa, madaraja makubwa manne yamesimama, majengo ya stesheni yapo, na hakuna binadamu aliyekata tiketi!

Mahandaki ndio yenyewe hasa. Refu kuliko yote linakaribia kilomita nzima. Unatoka kwenye jua la Andalusia linalochoma kisawasawa, ghafla baridi, maji yanadondoka mgongoni tip tip, macho hayajazoea giza, na mbele unaona kimwanga kidogo ambacho hujui ni mdomo wa handaki au ni mwenzako anakuja na tochi, hapo unapiga kengele na sauti inazunguka ukutani kama mpo kumi. Baadhi yana taa lakini usizitegemee, beba yako na betri iwe imejaa. Na miwani ya jua vua kabla hujaingia, watu wanasahau halafu wanalalamika giza.

Katikati ya safari kuna jabali linaitwa Peñón de Zaframagón, maskani ya tumbusi, koloni kubwa sana. Mabawa yakinyooshwa yanafika kama mita mbili na nusu. Hawapigi bawa hovyo, wanasubiri hewa ya moto iwanyanyue, kwa hiyo ukipita alfajiri utawakuta wamekaa tu, subiri jua likolee ndio waanze kuzunguka. Stesheni ya pale wameifanya kituo cha kuwaangalia hao ndege, nyingine kama Olvera na Puerto Serrano unapata chakula na malazi. Asubuhi omba mkate wa kuchoma wenye mafuta ya zeituni na nyanya. Wasiokula nguruwe semeni mapema, maana kule hata sahani ya mboga inaweza kuja na vipande juu, na mhudumu atakushangaa kwa dhati kabisa kwamba eti hiyo nayo ni nyama.

Mtu ataniuliza, na sisi je? Sisi tunayo. Reli ya kusini mwa Tanzania, ile ya kupeleka karanga za Mwingereza kutoka Nachingwea hadi pwani, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi wa karanga ukafa, reli ikafungwa 1962 ikang'olewa. Kwa maoni yangu kilichowasaidia Wahispania sio hela peke yake, ni kutoligawa tuta vipande vipande, maana likishamegwa, huyu shamba huyu nyumba, kuliunganisha tena ni kesi za mahakamani.

Kwa anayetaka kwenda kweli: nenda masika yao, Aprili au Mei, au Oktoba, kiangazi joto linavuka nyuzi 40. Anzia Olvera, kwa sababu ndiko juu, utateremka kidogo kidogo mpaka Puerto Serrano. Baiskeli za kukodi zipo. Haya maswali, tuanze na kaka pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja nguruwe.